Nilivyokwenda Kumzika Baba Aliyekwishazikwa

Rehema, na ninyi wengine mlionipigia simu kuuliza ilikuwaje, nimechoka kusimulia vipandevipande. Kila mmoja wenu ana kipande chake, na nasikia mmeanza kuviunganisha vibaya. Kuna anayeamini kwamba nilisafirishwa ndani ya gunia la majani ya chai. Basi nimekaa chini niiandike safari nzima: nilipokwama, nilichokula, na walionishika mkono bila kuniuliza. Habari za tiketi naziruka, hazina utamu.

Wachache kati yenu hamkunijua zamani, kwa hiyo niseme hili kwanza. Nilianza kufundisha shule ya msingi nikiwa naona. Presha ya macho ikaja kimyakimya, ikala pembeni kwanza, nikawa naona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba, halafu bomba nalo likaziba. Nilirudi nyumbani Lupembe, nikakaa kwenye kiti jikoni kwa mama, nikilia na kulishwa. Baadaye ndipo nilipokuja huku Morogoro, nikajifunza fimbo nyeupe na kusoma kwa nukta nundu, na sasa nafundisha watoto wasioona. Lakini nyumbani walibaki na yule wa kwenye kiti. Macho yalikwenda yenyewe. Mengine yaliyofuata niliondolewa na watu wanaonipenda: kwanza kisu cha kumenyea viazi, halafu mazungumzo ya shamba, halafu habari mbaya.

Habari mbaya kuliko zote niliipata baba alipokuwa ameshazikwa. Mdogo wangu Festo alipiga simu akasema, "Dada, tuliona utasumbuka na safari." Mimi ndiye mtoto wa kwanza. Nilimlilia baba, na nililia pia kwa sababu kijiji kizima kilisimama kaburini na hakuna aliyeona pengo mahali pangu.

Mwezi uliopita Festo alipiga tena. Msalaba wa kaburi ulikuwa tayari, na padri angekuja Jumamosi kusoma misa ya kumbukumbu na kuubariki. Akasema nisihangaike, atanirushia picha. Alipotamka neno hilo akajishtukia. Sikumwambia kwamba nitakwenda. Alhamisi alfajiri Rehema akanisindikiza stendi.

Morogoro hadi Kitonga

Nilikaa dirishani. Jirani yangu alikuwa msichana anayekwenda Mbeya kwa dada yake, mwenye moyo mzuri na sauti ya mnada. Alidhani masikio nayo yamekwenda. "MAMA, TUNAPITA MIKUMI. KUNA TWIGA." Basi zima likajua kuna twiga. Nilimwambia taratibu kwamba nasikia vizuri sana, akaomba radhi, na baada ya muda akapaza tena. "MAMA, RUAHA MBUYUNI HAPA. VITUNGUU." Hivyo nilikuwa nimeshavijua, kwa kuwa harufu iliingia kabla ya wauzaji. Nilinunua mayai ya kuchemsha na mahindi ya kuchoma, tukala pamoja, akanisimulia habari za mchumba wake kwa sauti ileile, na wanaume wa kiti cha nyuma wakaanza kumshauri.

Kwenye mlima Kitonga tukakwama. Lori la saruji lilikuwa limekufa kwenye kona, likafunga njia ya kupanda na nusu ya njia ya kushuka. Dereva akazima injini, watu wakateremka. Nilipoanza kuteremka, mikono kama minne ikanidaka, mmoja ukivuta huku na mwingine kule, nikabaki nimening'inia mlangoni kama mzigo uliokosa mwenyewe. Niliwaomba waniachie. Nikashuka kwa fimbo yangu, ngazi moja baada ya nyingine, nikasimama kando ya barabara nikisikiliza maji yakitiririka chini kabisa bondeni.

Hapo kondakta akamuuliza yule msichana, "Huyu anashukia wapi? Uko naye?"

"Huyu anashukia Makambako," nikajibu mimi. "Na yuko na yeye mwenyewe."

Watu wakacheka, na kondakta akacheka nao. Tangu hapo akawa ananiuliza mimi. Nawaambia haya kwa sababu mnajua inavyokuwa: mtu akiulizwa habari zako ukiwa umesimama palepale, unajihisi umeshapungua mmoja duniani. Lakini neno moja lilitosha kumrudisha yule kondakta. Niliandamana na ushindi huo mdogo hadi juu.

Makambako

Tulipofika Mafinga baridi ilikuwa imeshaingia kwenye mifupa, na harufu ya misonobari iliyokatwa ikawa inatuingia dirishani pamoja na moshi. Nikajua nakaribia kwetu. Makambako tuliingia magari ya Njombe yakiwa yameshaondoka. Nilishuka kwenye upepo. Upepo wa Makambako hauna aibu. Ulinivua mtandio kabla sijatia mguu wa pili chini. Malori yalikuwa yamejipanga yakiunguruma, upande mmoja kuna honi ya treni, upande mwingine mtu anauza viatu kwa kipaza sauti, na mimi katikati nikitafuta pa kulala.

Dereva wa bajaji alinipeleka kwenye nyumba ya wageni aliyosema ni ya mama mmoja mstaarabu. Mama huyo, wanamwita Mama Zawadi, hakutaka kunipa chumba. Hakuwa na ubaya. Aliogopa. Aliniuliza nani atanichotea maji ya moto, nani atanionyesha choo, na nikianguka yeye ataambiwa nini na ndugu zangu. Nikamwambia anipitishe mara moja tu, mlango, kitanda, swichi, choo, halafu kama hataridhika nitatafuta kwingine. Alinipitisha akiguna. Niliporudia njia ile peke yangu akaacha kuguna, akaniletea ndoo ya maji ya moto na sahani ya wali maharage.

Giza lilipoingia umeme ukakatika. Mimi sikujua. Nilisikia tu wageni wakilalamika ukumbini, na Mama Zawadi akigonga viti na kumtaja Mungu. Alikuwa ameacha simu mahali asipopakumbuka, na mishumaa iko stoo, mwisho wa ukumbi, kupita choo. Nikatoka nikamwambia anishike bega. Tukaenda hivyo, yeye nyuma yangu amening'ang'ania kama mtoto siku ya kwanza ya shule, hadi stoo, akapapasa akapata mishumaa.

Asubuhi alinisindikiza stendi mwenyewe. Njiani akaniambia kwamba tangu mumewe afariki hajawahi kutoka Makambako, kila mtu alimwambia atulie, na akatulia, na sasa hajui nani alimwambia kwamba kutulia ndiko kuomboleza. Nilimwambia tu kwamba mimi nakwenda kumzika baba yangu ambaye wameshamzika, na akaniambia niende.

Makambako hadi Njombe, ingawa nilitaka Kibena

Anayekwenda Lupembe akitokea Makambako anashuka Kibena, kabla ya mji wa Njombe. Nilimwambia kondakta wa gari dogo mara mbili, akaitikia mara mbili. Kumbe moyoni alikuwa ameshaamua. Niliposikia gari linapita kwenye kelele za soko na kuingia kituoni, nikamuuliza hapa ni wapi. Akajibu kwa fahari kwamba ni Njombe mjini, kwamba yeye hawezi kumtupa mtu asiyeona njiapanda, na kwamba atanikabidhi kwa watu wazuri.

Watu wazuri walikuwa wanawake wauza maparachichi. Akanikabidhi kama bahasha, akaondoka. Wanawake wale walinipa kigoda na parachichi lililokatwa, wakaanza kujadiliana nipelekwe ofisi gani ya serikali. Mvua ya Njombe, ile ya manyunyu yasiyoamua, ilikuwa imeanza. Nikanyoosha kiganja nje ya mwavuli kusikia kama inazidi, na mpita njia akaweka sarafu ndani yake, akaniombea baraka, akaenda. Wanawake wakacheka hadi mmoja akakaa chini. Nilicheka mimi zaidi. Kisha nikawaambia jina la kijiji chetu na nikawasalimu kwa lugha yetu ya Kibena, "Kamwene," na ghafla nikawa si mzigo tena, nikawa mtu wa kwao. Mmoja, ambaye mama yake ametoka upande wetu, alifunga meza yake akapanda nami gari la kurudi Kibena. Hakunishika mkono. Aliniachia kiwiko chake, kama vile alifundishwa.

Kibena hadi Lupembe, kwenye lori la majani

Gari la abiria la Lupembe lilikuwa limejaa na kuondoka. Lakini palikuwa na lori la kukusanya majani ya chai, lililokuja mjini kubadilishwa matairi na sasa linarudi tupu. Mwenzangu alizungumza na dereva, nikapandishwa mbele. Dereva anaitwa Tobias. Sauti yake ni ya mtu wa makamo, na gari lake linanuka majani makavu, dizeli na mihogo ya kuchemsha, ambayo aliniwekea mapajani ndani ya mfuko akaniambia nile kabla haijapoa.

Alinieleza kuwa kila siku ya mchumo anapita kwenye vituo vya kupimia majani, kijiji kwa kijiji, na anawajua wakulima wote kwa sauti zao za ugomvi. Nilipomtajia kituo cha kijiji chetu akapumua. Akasema kituo kile kimepoa tangu mzee mmoja afariki. Mzee huyo alikuwa akiimba huku akipakia, sauti nzito, ya chini kabisa, na foleni nzima ikasahau kugombana. Sasa wanagombana.

Sikumwambia mimi ni nani. Nilitaka kusikia. Nikamuuliza kama alikwenda kuzika.

Alikwenda. Na ndani ya lori lile, njia ikipanda na kushuka, mgeni yule akanipa maziko ya baba yangu kuanzia mwanzo. Kwamba kulikuwa na ukungu hadi mchana. Kwamba udongo ulikuwa mwekundu na umeloa, wakachimba kwa zamu, na yeye akachimba. Kwamba Festo hakulia hata kidogo, alikimbia huku na kule akihesabu viti, hadi watu wakamwonea huruma. Kwamba mama alisimama ameshikwa na wajukuu wawili. Kwamba kwaya ilipoanza wimbo wa kushusha jeneza ilikwama, kwa sababu mwenye sauti ya besi ndiye aliyekuwa ndani ya jeneza.

"Alikuwa na binti mkubwa," Tobias akasema. "Walisema haoni, hawezi kufika. Nikajua labda yuko kitandani."

Nilikuwa na kipande cha muhogo mkononi. Nikamwambia, "Hayuko kitandani. Umempa mihogo."

Alisimamisha lori katikati ya barabara. Hakusema pole, na namshukuru. Aliiacha injini ikitetemeka, akaniuliza nataka kusikia nini kingine. Nikataka kujua walimvika nini. Suti ya kahawia, akasema, na kofia yake waliiweka juu ya jeneza, ikaondolewa mwishoni. Nililia hapo, Rehema. Tobias alisubiri. Nilipomaliza akatia gia, akanipeleka mpaka mlangoni kwetu, ambako lori la majani halijawahi kufika.

Nyumbani

Festo alisikia lori akatoka mbio akidhani kuna ajali. Nikashuka. Akaniita kwa mshangao, kisha sauti yake ikanipita begani, na nikajua anatazama nyuma yangu.

"Nani amekuleta?" akauliza.

"Wengi," nikasema. "Lakini nilikuja mwenyewe."

Alinikumbatia huku mwili wake umekakamaa. Mama alitoka jikoni akiita jina langu, "Skola? Skola?", akanishika uso kwa mikono yote miwili akanipapasa paji, pua, mashavu, kwa muda mrefu. Nilidhani ni upendo mtupu. Alinipeleka jikoni, akanimiminia chai, ikafurika kikombe ikamwagikia sahani, na nilipoionja ilikuwa na chumvi. Watoto wa Festo wakacheka, mama akasema ni mawazo ya msiba. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesikia kitu kingine: kabla ya kushuka kizingiti, mguu wake ulikuwa unauliza kwanza.

Jumamosi watu walijaa. Padri alisoma misa uwanjani, tukaandamana hadi kaburini nyuma ya nyumba, pembeni mwa shamba la chai, na msalaba wa mbao ukasimikwa na kubarikiwa. Festo alikuwa amejipanga kuzungumza kwa niaba ya watoto. Katekista alipomwita, alisimama, akakohoa, kisha akasema dada yake yupo na yeye ndiye mkubwa. Sijui ilimgharimu nini kusema vile mbele za watu. Nilisogea kwa fimbo hadi ilipogonga ukingo wa udongo.

Sikuwa nimeandaa hotuba. Niliwashukuru kwa kumzika baba yangu. Nikawaambia kwamba mimi sikupata kumzika, kwa hiyo kwangu bado yuko mahali fulani njiani, anakuja na hafiki, na nimesafiri ili nimfikishe. Nikaomba wanipe udongo.

Watu wakamngoja padri aseme kama inaruhusiwa. Kisha shangazi yangu Regina, dada yake baba, ambaye hajawahi kuogopa mapadri, akasema kwa sauti ya kawaida, "Basi tumzike tena kidogo. Huyu naye amzike."

Tobias, ambaye naye alikuja, ndiye aliyenijazia viganja udongo. Nikautia. Nikautia tena. Mtu akaanza ule wimbo wa kushusha jeneza, na kwaya ikaingia. Nilikisikia alichonieleza Tobias: sauti tatu zimesimama, na chini yake tundu, mahali pa baba, ambapo hakuna aliyethubutu kupaziba. Mimi nilikuwa nimempoteza baba. Wao walikuwa wamepoteza sakafu ya wimbo wao, na miezi yote ile walikuwa wakiimba juu yake kwa tahadhari, kila mtu na hofu yake. Walipofika ubeti wa pili, mwanamume mmoja akateremka taratibu kwenye besi. Haikuwa nzuri, ilitetemeka. Ilikuwa ya Festo. Aliimba ubeti wote, halafu kilio kikamkata, kilio kikubwa, cha mtu ambaye alikuwa amehesabu viti mno. Wanaume wakamshika. Wengine wakaendelea na besi aliyoiachia, na safari hiyo wimbo ukafika mwisho.

Baada ya hapo pakawa na chakula, na kelele, na pombe ya ulanzi, na niliwasikia watu wakisimulia vituko vya baba wakicheka, jambo ambalo shangazi alisema halijatokea tangu afariki. Nilimenya viazi na wanawake. Hakuna aliyenipokonya kisu.

Jikoni, Jumapili

Wengine walikwenda kanisani. Nilibaki na mama pembeni mwa moto. Nilimuuliza bila kuzunguka, haoni tangu lini.

Alisogeza kuni. Kuni zikalia. Akasema tangu kabla ya baba kuugua. Nikamuuliza kwa nini hakumwambia mtu.

"Nilikuona ulivyofanywa," mama akasema. "Nami nilikuwa mmoja wao. Nikajua nikisema, watanikalisha kwenye kile kiti chako."

Na kulikuwa na jambo jingine, zito zaidi. Aliamini ugonjwa wangu ulitoka kwake. Ulipoanza kumshika na yeye aliona ni haki, akaamua kuubeba kimya. Msalaba alioubusu jana hakuwa ameuona. Maziko ya mumewe, aliyasikia tu, kama mimi kwenye lori.

Nikamuuliza aliona nini mwanzoni. Bomba? Pembeni kukafifia? Hapana, akasema, ni ukungu, ukungu mahali pote, na jua likiwaka ndiyo unazidi. Nikamuuliza mara ya pili na ya tatu, na kila mara akajibu ukungu. Mimi si daktari, lakini nimekaa na wenye kila aina ya macho.

"Mama," nikamwambia, "yako si yangu."

Nyumbani hadi Njombe, tukiwa wawili

Festo alipoambiwa alikaa chini. Kisha akaanza kupanga: atatafuta gari, ataomba ruhusa kazini, labda wiki ijayo. Nikamwambia tunaondoka kesho na lori la Tobias, anashuka tena mjini. Akauliza tutafikaje, wawili sisi.

"Kama nilivyofika mimi," nikasema.

Sikuwa na hasira. Nadhani alisikia hivyo, maana aliniuliza swali ambalo hakuwahi kuniuliza, kama siku ya maziko ningeweza kweli kuja. Nikamjibu ndiyo. Akasema aliogopa kunipoteza barabarani wiki ileile, kwamba asingeweza makaburi mawili. Nilimwelewa. Nikamwambia asinifiche tena msiba, hata uwe mkubwa kiasi gani. Akaahidi.

Basi tukashuka Njombe, mama na mimi, na safari hii mimi ndiye niliyetoa kiwiko. Wanawake wa maparachichi walitupokea kama wafalme, na yule mwenzangu wa kiwiko akatupeleka hadi mlango wa hospitali. Pale tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi tukila karanga. Muuguzi alimuuliza mama, "Mgonjwa ni huyu uliyemleta?" Mama akajibu, "Hapana, huyu ndiye aliyenileta," na nikasikia sauti yake imenyooka kama zamani akigombana na wapima majani.

Daktari wa macho alimkagua bila haraka. Ni mtoto wa jicho, akasema, macho yote mawili, amekomaa, anatolewa. Tutaanza na la kulia kesho. Nikamuuliza kama amehakikisha si presha. Alirudia kipimo mbele yangu na kunisomea. Si presha. Mama hakuelewa mara moja. Nilimweleza kwa Kibena changu kibovu kwamba hakunipa ugonjwa wowote, na akanishika goti akaling'ang'ania hadi tulipoitwa kupewa kitanda.

Njombe hadi nyumbani

Festo alifika kwa pikipiki siku ya kufunguliwa bandeji, ameloa. Muuguzi alifungua, akasafisha, akamwambia mama afumbue taratibu. Tukangoja. Mama alianza na Festo. Alimwambia ana mvi na amevaa sweta la baba bila kulifua. Kisha nikahisi amenigeukia, akanitazama muda mrefu bila kugusa uso wangu hata kidogo. "Umenenepa," akasema. "Nilikuwa nadhani hawakulishi huko."

Njiani kurudi hakunyamaza. Festo alikuwa amekodi gari, na mama alikaa mbele akitusomea dunia: chai imechumwa vibaya pale, nyumba ile imeezekwa upya, mwanamke anaanika mashuka ya bluu, ng'ombe, ng'ombe mwingine, mbwa wa fulani bado yu hai. Dereva alimwambia, "Taratibu, mama, jicho limetoka kupasuliwa." Akasema analipumzisha lile la kushoto. Mimi nilikaa nyuma, na kwa mara ya kwanza tangu bomba lizibe, barabara ya kwetu ilinipita yote, jiwe kwa jiwe, kwa mdomo wa mama yangu.

Tulipofika hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja kaburini, nasi nyuma yake. Alisimama. Tukamwacha aomboleze. Baada ya muda akasema msalaba umepinda.

Festo akasema haujapinda. Mama akasema umepinda kushoto, na kwamba padri na kijiji kizima wameubariki ukiwa umepinda kwa sababu hakuna aliyetaka kusema. Festo akautazama tena, akakiri ni kweli, aliuona siku ileile, lakini aliona si wakati wake. Akaleta jembe na sururu. Alifukua mguu wa msalaba, mimi nikaushika mti kwa mikono miwili, mbao mbichi ya msonobari, bado inanata utomvu. Mama akatoa amri. Kulia. Kidogo tena. Umezidisha, rudi. Hapo. Nikauzuia usicheze, Festo akashindilia udongo kwa miguu yake, na uzito wake ulinijia mikononi kupitia ule mti, pigo baada ya pigo, mpaka hautikisiki.

Nilitaka kuachia. Mama akasema tusiachie, tusubiri palepale. Tukamsikia akienda hadi mlango wa jikoni, hatua za haraka, mguu hauulizi chochote. Pale ndipo atakapokuwa akiuona kila asubuhi akiwasha moto. Akautazama kutoka kule.

"Umenyooka," akasema. "Uachieni."